Waetruski walipotelea wapi, na tumewajuaje?

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Wanafunzi waliniuliza nani alikuwa Italia kabla ya Roma kuwa dola, nikawatajia Waetruski, nikaishia hapo hapo. Nimesoma mahali kwamba walikuwa watu wa ajabu waliotoweka, kwamba hakuna ajuaye walikotoka wala awezaye kusoma maandishi yao. Je, ni kweli? Na kuna chochote kinachowaunganisha na bara letu la Afrika?

Marahaba, mwalimu. Nianze na jibu fupi ili uwe na la kuwaambia wanafunzi. Waetruski hawakutoweka. Walimezwa na Roma polepole, kwa muda wa karne tatu hivi, na wajukuu wao wakawa Warumi. Maandishi yao yanasomeka herufi kwa herufi, na yale mafupi tunayaelewa kwa sehemu kubwa. Asili yao imebishaniwa tangu zama za Wagiriki, lakini leo tuna ushahidi mzito. Kilichopotea kweli ni vitabu vyao. Watu wasipokuwa na vitabu vya kujisemea, kila ajaye huwasemea anavyotaka, na yaliyowapata Waetruski ndiyo hayo kwa miaka zaidi ya 500. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye habari za kugunduliwa kwao upya, maana fumbo kubwa tumelitengeneza sisi tuliokuja kuchimba.

Kwanza, nchi yenyewe. Chukua ramani ya Italia, tafuta mto Arno unaopita Firenze na mto Tiber unaopita Roma. Eneo lililo kati ya mito hiyo, kuelekea bahari ya magharibi, ndilo Etruria. Wenyewe walijiita Rasenna. Wagiriki waliwaita Watireni, na hadi leo bahari ile ni Bahari ya Tireni. Warumi waliwaita Etrusci au Tusci, na mkoa wa Toscana umebaki na jina hilo. Walipostawi sana walivuka mipaka hiyo: kaskazini walikuwa na Felsina, ambayo leo ni Bologna, na kusini walifika Capua.

Hawakuwahi kuwa na dola moja. Kila mji ulijitawala, Tarquinia, Cerveteri, Vulci, Veii, Chiusi, Volterra na mingine, na mapokeo yanataja umoja wa miji 12 iliyokutana kwa ajili ya ibada. Utajiri ulitoka ardhini. Kisiwa cha Elba kilikuwa na mawe ya chuma kwa wingi, na mji wa Populonia, ulio pwani mkabala wake, uliyayeyusha kwa karne nyingi. Mavi ya chuma yalirundikana ufukweni mpaka yakafukia makaburi ya zamani ya mji huohuo. Katika karne ya 20, makampuni yalipokuja kuyazoa mabaki hayo ili yayeyushwe tena, makaburi yakatokeza chini yake. Waulize wanafunzi wako: ni kazi kiasi gani inahitajika mpaka taka za tanuru zifunike makaburi ya mababu?

Sasa, walitoka wapi? Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 KK, alisimulia kwamba njaa ya miaka 18 iliipiga Lidia, nchi iliyokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo. Mfalme akawagawa watu wake mafungu mawili kwa kura, na fungu moja likapanda merikebu chini ya mwanawe Tireno, likaenda kuishi Italia. Karne nne baadaye Dionisio wa Halicarnassus, naye Mgiriki, alikataa. Alisema Waetruski ni wenyeji wa pale pale, na lugha yao na desturi zao hazifanani na za Walidia. Ubishi huo ulidumu miaka 2,000.

Akiolojia ilianza kumpa Dionisio nguvu. Mwaka 1853 Giovanni Gozzadini alichimba makaburi huko Villanova, karibu na Bologna, akakuta mitungi ya majivu ya watu waliochomwa. Utamaduni huo, wa kati ya mwaka 900 na 700 KK hivi, ulionekana baadaye Etruria nzima, na vijiji vyake vilikaa juu ya vilima vilevile vilivyokuja kuwa miji ya Waetruski. Hakuna dalili ya wageni kuingia na kuvunja kilichokuwapo. Massimo Pallottino, aliyeiweka elimu hii kwenye misingi yake ya leo kuanzia miaka ya 1940, alisema swali lenyewe limekosewa: taifa halishuki melini likiwa limekamilika, linaundwa mahali linapoishi, kwa kuchanganyika na kubadilika.

Kisha ikaja vinasaba. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliosoma vinasaba vya mifupa ya watu 82 wa Italia ya kati na kusini, walioishi kati ya mwaka 800 KK na mwaka 1000 baada ya Kristo. Waetruski walionekana kuwa ndugu wa damu wa majirani zao Walatini, na hakukuonekana alama ya uhamiaji wa karibuni kutoka Anatolia. Kwa hiyo simulizi ya Herodoto imebaki simulizi.

Jambo moja, hata hivyo, halijafungika, na usiwafiche wanafunzi. Kama Waetruski walikuwa ndugu wa damu wa Walatini, mbona lugha yao haina undugu wowote na Kilatini? Kilatini, Kigiriki, Kiajemi na Kihindi ni wa ukoo mmoja. Kietruski kiko nje ya ukoo huo kabisa. Ndugu zake wanaojulikana ni wawili tu, nao wamekufa: Kiraeti cha milima ya Alps, na lugha ya jiwe moja la karne ya 6 KK lililopatikana mwaka 1885 kwenye kisiwa cha Lemnos, kule Bahari ya Aegean. Wanaoamini uhamiaji hulishikilia jiwe hilo. Wengine hulijibu kwamba mabaharia wa Kietruski wangeweza kulipeleka huko. Mimi naona maelezo mepesi zaidi ni kwamba Kietruski ni lugha ya zamani iliyobaki Italia wakati lugha za wageni zilipoenea pande zote. Watu walioana na wageni, lugha ikasimama. Hilo limetokea mahali pengi duniani, na halihitaji merikebu za mwana wa mfalme.

Nije kwenye kumezwa. Mapokeo ya Roma yenyewe yanakiri kwamba wafalme wake wa mwisho, Tarquinius wa kwanza na wa pili, walikuwa wa ukoo wa Kietruski, na kwamba chini yao mabwawa ya bondeni yalikaushwa na hekalu kubwa la Jupita likajengwa. Mwaka 509 KK, kwa hesabu ya mapokeo, wafalme walifukuzwa. Mwaka 474 KK meli za Waetruski zilipigwa na Hieron, mtawala wa Sirakusa, mji wa Wagiriki huko Sisilia, kwenye vita vya Cumae. Kofia moja ya vita iliyotekwa siku hiyo na kutolewa sadaka kwa Zeu huko Olympia ilifukuliwa mwaka 1817, ikiwa bado na maandishi yanayowataja Watireni, na leo iko British Museum. Mwaka 396 KK Roma iliuteka mji wa Veii. Mwaka 264 KK iliubomoa Volsinii. Hatimaye, baada ya mwaka 90 KK, Waetruski walipewa uraia wa Roma, na baada ya vizazi vichache makaburi ya familia zilezile yakaanza kuandikwa Kilatini.

Ila dini iliendelea kuwa mali yao. Roma ilipotaka kujua radi imemaanisha nini au ini la mnyama wa sadaka linasema nini, iliwaita mabingwa wa Kietruski. Mwaka 1877 mkulima mmoja karibu na Piacenza alifukua kwa jembe lake ini la kondoo lililosubiwa kwa bronzi, uso wake umegawanywa vijumba vijumba, kila kijumba na jina la mungu wake. Wengi wanadhani kilikuwa chombo cha kufundishia: mwanafunzi angeshika ini la bronzi mkono mmoja na ini bichi mkono mwingine, akalinganisha. Na mwaka 408 baada ya Kristo, Alariki, mfalme wa Wagothi, alipouzingira mji wa Roma ambao tayari ulikuwa wa Kikristo, walitokea wajuzi wa Kietruski wakasema wanaweza kumfukuza kwa radi. Hao ni watu wanaodaiwa kuwa walitoweka karne tano kabla.

Kaisari Klaudio aliwajua vizuri. Mke wake wa kwanza, Plautia Urgulanilla, alikuwa wa ukoo wa Kietruski, na Klaudio aliandika historia yao kwa Kigiriki, vitabu 20. Vyote vimepotea. Kama ningepewa nafasi ya kurudishiwa kitabu kimoja tu cha kale, ningeomba hicho.

Sasa maandishi yao, maana hapo ndipo uvumi ulipokita mizizi. Herufi za Waetruski zilitoka kwa Wagiriki waliohamia karibu na Naples, nao wakaziandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka 1789 padri Luigi Lanzi alikuwa ameshazipambanua karibu zote. Tuna maandishi yapatayo 13,000. Tatizo ni kwamba mengi ni ya makaburini na kwenye vyombo: jina la mtu, jina la baba, mara nyingi jina la mama, umri, cheo, basi. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kusoma mawe ya makaburi na majina yaliyochorwa chini ya sufuria: atajua vizuri sana kusema mwana wa, alifariki, miaka, mali ya, lakini umpe barua ya mapenzi hataelewa kitu. Nasi ndivyo tulivyo na Kietruski. Tunajua clan ni mwana, puia ni mke, ati ni mama, avil ni mwaka. Namba tumezipata kwenye dado mbili ambazo badala ya nukta zina maneno sita, na hata hapo wataalamu wanabishana lipi ni nne na lipi ni sita.

Tarehe 8 Julai 1964 ilileta nuru kubwa kuliko zote. Kwenye magofu ya Pyrgi, bandari ya mji wa Cerveteri, wachimbaji wa Pallottino walikuta mabamba matatu ya dhahabu yaliyokunjwa, na misumari yake midogo imefungwa ndani. Mawili yalikuwa ya Kietruski na moja la Kifoinike, lugha tunayoielewa. Ni ya mwaka 500 KK hivi. Mtawala wa Cerveteri, Thefarie Velianas, anasema amejenga mahali patakatifu kwa ajili ya mungu wa kike, ambaye bamba la Kifoinike linamwita Astarte na la Kietruski Uni, katika mwaka wa tatu wa utawala wake. Na mwisho wa maneno ya Kifoinike anaomba miaka ya sanamu hekaluni iwe mingi kama nyota hizi. Neno ci, lililobishaniwa muda mrefu, likathibitika kuwa tatu. Lakini faida kubwa kuliko msamiati ni ya kihistoria: tukaona kwa macho mfalme wa Kietruski akisali kwa lugha ya watu wa Karthago, mji wa Afrika ya kaskazini, marafiki na wabia wake wa biashara, waliopigana pamoja na mji wake dhidi ya Wagiriki miaka 40 hivi nyuma.

Maandishi marefu kuliko yote yalitoka mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutazama. Mwaka 1848 Mihajlo Barić, Mkroatia aliyekuwa karani serikalini, alinunua mumia huko Alexandria, Misri, ikawa pambo nyumbani kwake Vienna. Alipokufa ilipelekwa Zagreb. Mwaka 1867 Heinrich Brugsch, bingwa wa mambo ya Misri, aliona kwamba vitambaa vya kitani alivyoviringishiwa marehemu vina maandishi, akadhani ni ya Kimisri yaliyoandikwa kwa herufi ngeni. Aliyejadiliana naye habari hiyo ni mtu ambaye jina lake tunalijua huku kwetu: Richard Burton, yuleyule aliyefika Ujiji na Speke mwaka 1858 akitokea Zanzibar. Uzeeni Burton alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Trieste na aliandika kitabu kizima juu ya Waetruski wa Bologna, na bado hakutambua kwamba maandishi yale yalikuwa yao. Mwaka 1891 Jacob Krall akatambua: kilikuwa kitabu cha Kietruski cha kitani, kilichochanwa vipande virefu ili kumviringia mwanamke wa Misri. Maneno yapatayo 1,200 yanasomeka. Ni kalenda ya ibada, inayosema siku gani mungu gani atolewe nini.

Kitambaa hicho ndicho kitabu pekee cha kitani kilichobaki katika ulimwengu wote wa kale wa Ulaya. Unyevu wa Italia uliviozesha vingine vyote, ukavu wa Misri ukakiokoa hiki kimoja.

Turudi sasa kwenye kugunduliwa upya. Aliyeanzisha alikuwa mwongo. Annio wa Viterbo, mtawa wa Kidominika, alichapisha mwaka 1498 maandishi ya kale aliyoyatunga mwenyewe, yakidai kwamba Nuhu alikuja Italia baada ya gharika na kwamba mji wa Viterbo ndio chimbuko la ustaarabu. Alitaka mji wake uwe mkubwa kuliko Roma, na Waetruski wasiokuwa na kitabu walikuwa shahidi asiyeweza kumkanusha. Kisha, tarehe 15 Novemba 1553, mafundi waliokuwa wakichimba misingi ya ngome huko Arezzo walitoa Kimera wa bronzi, mnyama mwenye mwili wa simba, kichwa cha mbuzi mgongoni na mkia wa nyoka. Mtawala wa Firenze, Cosimo de' Medici, alikichukua kama hati ya kumiliki. Alipopewa cheo cha mtawala mkuu wa Toscana alipenda kuitwa kwa Kilatini mtawala mkuu wa Etruria, kana kwamba wafalme wa kale wamemrithisha kiti.

Karne ya 18 ilileta mapenzi makubwa kuliko elimu. Kazi ya Mskoti Thomas Dempster, iliyoandikwa huko Pisa tangu 1616 na kulala bila kuchapwa zaidi ya miaka 100, ilitolewa hatimaye Firenze miaka ya 1720. Cortona ikaanzisha chuo cha wasomi wa Etruria mwaka 1727. Kila chungu kizuri chenye picha kilichofukuliwa Italia kikaitwa cha Kietruski. Josiah Wedgwood, mfinyanzi mkubwa wa Uingereza, alikiita kiwanda chake kipya Etruria mwaka 1769 kwa heshima ya vyombo hivyo, ilhali vyombo vyenyewe vilikuwa vya Wagiriki. Waetruski walikuwa wanunuzi wa vyombo hivyo, tena wanunuzi wakubwa kuliko wote, na ndiyo sababu vyungu vizuri vya Athene hupatikana zaidi makaburini mwa Etruria kuliko Athene kwenyewe.

Halafu Vulci. Mwaka 1828 ng'ombe wa jembe alizama, ardhi ikafunguka, kumbe kuna kaburi chini. Shamba lilikuwa la Lucien Bonaparte, mdogo wake Napoleon, na kwa miezi michache tu alitoa vyombo zaidi ya 2,000, vikauzwa Ulaya nzima. Katika miaka ya 1840 Mwingereza George Dennis alipita hapo, wakati mashamba yakiwa mikononi mwa mjane wa Bonaparte, akaandika alichokiona. Msimamizi ameketi mdomoni mwa shimo, bunduki iko ubavuni, asije mtu akaiba. Wachimbaji wanatoa vyungu vyeusi visivyo na picha. Wanavitupa chini na kuvikanyaga mpaka vipasuke, kwa amri, kwa kuwa havina bei. Dennis aliomba angalau kimoja, akakataliwa. Kaburi likishakombwa linafukiwa, wanakwenda lingine.

Mwalimu, nikisoma ukurasa ule moyo unaniuma kila mara. Chungu cheusi kisicho na picha ndicho kilichokuwa cha Kietruski chenyewe, udongo uliochomwa kwenye tanuri lililozibwa hewa hadi ukawa mweusi mpaka ndani. Kilichokanyagwa ni mkono wa mfinyanzi wa Vulci; kilichohifadhiwa ni bidhaa ya Athene. Na pamoja na chungu kilipotea kila kitu ambacho kingesema: kililazwa kando ya nani, na kitu gani, kwenye kaburi la mwaka gani. Nusu ya kile kinachoitwa fumbo la Waetruski kilikanyagwa namna hiyo.

Kaburi moja la Vulci lionyeshe kinyume chake, yaani kile kinachoweza kupatikana. Alessandro François alilifungua mwaka 1857. Kwenye ukuta kuna michoro ya karne ya 4 KK, na majina yameandikwa kando ya kila mtu: Macstrna anamkata kamba Caile Vipinas aliyefungwa mikono, wenzao wanawachoma maadui panga, na mmoja wa wanaouawa ni Cneve Tarchunies, yaani Tarquinius, wa Roma. Sasa sikiliza. Mwaka 1528 huko Lyon, Ufaransa, lilifukuliwa bamba la bronzi lenye hotuba ya Kaisari Klaudio mbele ya baraza la Roma mwaka 48. Ndani yake Klaudio anasema kwamba mfalme Servius Tullius wa Roma, kwa mujibu wa Waetruski, alikuwa rafiki mwaminifu wa Caelius Vibenna, na jina lake la kwanza lilikuwa Mastarna. Watu waliisoma hotuba hiyo miaka 300 bila kuwa na cha kuilinganisha nacho, mpaka ukuta ule ukafunuliwa ukiwa na watu walewale. Na kwenye patakatifu pa Veii kikapatikana chungu cheusi cha karne ya 6 KK, chenye maneno kwamba kimetolewa na Avile Vipiiennas, jina lilelile la Aulus Vibenna, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa nduguye Caelius. Huenda haya ndiyo yaliyokuwa ndani ya vile vitabu 20 vya Klaudio, na hii ndiyo historia ya Roma kama Waetruski walivyoisimulia, Tarquinius akiwa adui na Servius akiwa shujaa wao. Chungu cheusi, mwalimu, cha aina ileile.

Kuhusu maisha yao nitataja machache. Kaburi la Nakshi huko Cerveteri lina nyumba nzima iliyofinyangwa kwa chokaa kutani na kwenye nguzo: ngao na kofia za vita juu, visu, shoka, kamba iliyokunjwa, mtungi, ubao wa kuchezea bao, jozi ya ndara mbele ya kitanda. Juu ya sanduku kumewekwa kitambaa kilichokunjwa vizuri, ambacho baadhi ya wataalamu wanakiona ni kitabu cha kitani kama kile cha Zagreb. Wanawake walikaa karamuni na waume zao, jambo lililowachukiza Wagiriki kiasi cha kuandika matusi. Jeneza la Wanandoa la Cerveteri, la mwaka 520 KK hivi, linawaonyesha mume na mke wameegemea kitanda kimoja, mkono wake begani mwa mkewe. Mwanamke alikuwa na jina lake binafsi, wakati Roma ilimwita binti kwa jina la ukoo wa baba tu.

Katika karne ya 20 kulikuwa na mazuri na mabaya. Carlo Lerici, mhandisi, alipeleka vipimo vya umeme ardhini Tarquinia na Cerveteri miaka ya 1950. Walipotambua shimo chini, walitoboa tundu dogo na kuingiza bomba lenye kamera, wakapiga picha kuta kabla ya kufukua. Kwa njia hiyo waliona michoro bila kuvunja mlango. Wakati huohuo wezi wa makaburi waliendelea usiku, na makumbusho ya nje yakinunua bila kuuliza. Metropolitan ya New York ilinunua mwaka 1972, kwa dola milioni moja, chungu cha Kigiriki cha Euphronios kilichoibwa kaburini Cerveteri. Kilirudishwa Italia mwaka 2008. Makumbusho hayohayo yalikuwa yameonyesha kwa miaka mingi mashujaa watatu wakubwa wa udongo wa kuchoma, waliosemekana kuwa wa Kietruski. Mwaka 1961 ikabainika kwamba rangi yao nyeusi ina manganizi ambayo wafinyanzi wa kale hawakuitumia, na mmoja wa watengenezaji, Alfredo Fioravanti, akajitokeza na kidole gumba kilichokosekana kwenye mkono wa mmoja wao. Kikakaa sawasawa. Kitu kilichoondolewa ardhini bila kumbukumbu hakina wa kukitetea, kiwe cha kweli au cha bandia.

Linganisha na San Casciano dei Bagni, Toscana, mwaka 2022. Kwenye matope ya chemchemi ya maji moto walikuta sanamu 24 za bronzi na maelfu ya sarafu, za karne ya 2 KK hadi ya kwanza baada ya Kristo, kila kimoja kikiandikwa kilipolala. Sanamu nyingine zina maandishi ya Kietruski, nyingine ya Kilatini, kwenye dimbwi lilelile, kwa wagonjwa walewale waliokuja kuomba uzima. Ukiulizwa darasani Waetruski walipotelea wapi, waonyeshe picha za dimbwi hilo.

Swali lako la mwisho, Afrika. Uhusiano upo, wa kibiashara na wa kisiasa, na siyo wa asili. Kwenye kaburi moja la Tarquinia kulipatikana chombo chenye jina la Farao Bakenranef, aliyetawala Misri karibu mwaka 720 KK. Vulci walizika watu na mayai ya mbuni yaliyochorwa, na mafundi wa Etruria walichonga pembe za ndovu, vitu ambavyo Italia haina. Karthago, katika Tunisia ya leo, kaburini kulikutwa kibao cha pembe za ndovu ambacho mwenyewe anajitambulisha kwa Kietruski kuwa ni mtu wa Karthago, kitambulisho cha kumwonyesha mwenyeji wake akifika Etruria. Na katika bonde la mto Miliane, hukohuko Tunisia, yapo mawe ya mpaka yenye maandishi ya Kietruski. Wataalamu wengi wanayahusisha na kundi lililokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Italia katika karne ya kwanza KK, likapima mashamba yake Afrika na kuyaweka chini ya ulinzi wa Tinia, mungu wao mkuu, wakati nyumbani watoto wa jamaa zao walikuwa wanajifunza Kilatini.